Nasaha kwa Mwenye Kurusha Ndege Isiyo na Rubani kwa Ujira Mjini Kisangani

Amali hii ni ngeni, lakini haikukawia kupata wateja. Siku ya Jumamosi, arusi itokapo katika kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari na maharusi wakasimama ukingoni mwa mto Kongo, watu wao hutaka picha iliyopigwa kutoka juu. Siku nyingine mwenye shamba la michikichi hutaka kuujua upana wa shamba lake, mwenye ghala hutaka kuliona paa lililooza pasipo kumpandisha fundi juu yake, na shirika la misaada hutaka picha ya barabara iliyokatwa na mvua. Kijana mwenye akili nyepesi na mikono iliyotulia hutambua upesi kwamba hapa pana riziki, akakopa fedha, akanunua chombo, akapatana bei na mteja wa kwanza. Na ndipo, baada ya yote hayo, huuliza habari ya sheria. Makala haya yameandikwa ili swali hilo litangulie mbele ya mengine, maana katika mji wetu huu anayeliuliza mwisho aghalabu hujibiwa na askari.

Mbele ya sheria, droni, japo yaingia katika mkoba wa mwanafunzi na yauzwa dukani pamoja na simu na saa, si kamera wala si kitu cha kuchezea; ni ndege. Wala jambo hili si la jana. Tarehe 7 Desemba 1944, mataifa yalipotia saini mapatano ya usafiri wa anga mjini Chicago, ibara ya 8 ya mapatano hayo ilikwisha kusema kwamba ndege iwezayo kuruka pasipo rubani haitapita juu ya ardhi ya nchi yoyote ila kwa idhini mahususi ya nchi hiyo na kwa kufuata masharti ya idhini yenyewe, na kwamba kila dola itahakikisha kuwa urukaji wa vyombo hivyo hauhatarishi ndege za raia. Katika nchi yetu msingi wa mambo haya ni Sheria nambari 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya usafiri wa anga wa raia, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ijulikanayo kwa herufi AAC, yenye makao makuu Kinshasa. Wengi huichanganya mamlaka hiyo na RVA, iendeshayo viwanja na kuziongoza ndege zikiwa angani. Hizi ni ofisi mbili, na ruhusa ya mdomo aliyokupa mtumishi wa kiwanja, hata akiwa ni mjomba wako, haisimami mahali pa idhini ya Mamlaka. Yafaa hata hivyo kumjua mtumishi huyo, kwa sababu nitakazozieleza.

Kisangani si mji wa kawaida katika jambo hili. Wakazi wake walio watu wazima hawajazisahau siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana kwa mizinga katikati ya mitaa yao. Mwezi Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha ndege za upelelezi zisizo na rubani kutoka Goma. Mwezi Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma huo huo ukashambuliwa kwa droni wakati wa usiku. Na mwaka uliofuata, Goma na Bukavu zilipotwaliwa na waasi wa M23, miji iliyo nyuma ya uwanja wa vita ikajikuta karibu na vita kuliko ilivyopata kudhani. Tangu hapo mlio kama wa nyuki ukisikika juu ya mtaa wa Mangobo au Kabondo, watu hawasemi tena kwamba ni mpiga picha wa arusi. Na askari aliyesimama chini hakuoni wewe, wala haisomi hati uliyoikunja mfukoni. Huona kitu cheusi kinachokwenda juu ya kambi, naye ana wajibu wa kukidhania mabaya mpaka abainishiwe vinginevyo. Huo ndio muradi wa kibali chochote katika kazi hii, nami nawasihi wasomaji wakifahamu hivyo: si kodi ya kuikwepa, ni jambo pekee linalokupambanua, machoni pa yule aliye chini, na mpelelezi wa adui. Kwa hiyo kibali ambacho watu walio chini hawana habari nacho, hata kikiwa na mihuri ya Kinshasa yote, ni nusu ya kibali.

Tuanze basi na hiyo nusu ya Kinshasa. Barua ya maombi iandikwe kwa utulivu, majuma mengi kabla ya siku ya kazi, wala isiwe ya maneno matupu kwamba unaomba ruhusa ya kurusha droni mkoani Tshopo, kwa sababu ombi lisilo na mipaka hujibiwa kwa ukimya. Taja jina la biashara yako pamoja na nambari yake katika daftari la biashara na nambari yako ya kodi. Taja aina ya chombo, uzito wake, na nambari ya kiwandani iliyochorwa ubavuni mwake. Taja ni nani atakayekirusha na amejifunza wapi. Ambatisha ramani iliyochorwa mipaka ya mahali, ukieleza siku, saa, na kimo ambacho chombo hakitakipita. Kisha ueleze picha ni za nani na zitafanyiwa nini. Neno hili la mwisho ndilo linalosomwa kwanza. Barua ichapwe nakala mbili, na unapoikabidhi katika ofisi yoyote usiondoke kabla nakala ya pili haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini. Nakala hiyo yenye muhuri, katika nchi yetu, huwa na nguvu kuliko ahadi kumi za kupigiwa simu. Uliza pia, kabla ya kupeleka maombi Kinshasa, kama Mamlaka ina mwakilishi hapa mkoani awezaye kuyapokea na kukuelekeza, maana safari moja ya ndege ya kwenda kuambiwa kwamba karatasi moja imekosekana humaliza faida ya arusi tatu.

Nusu ya pili ni ya hapa nyumbani, nayo ndiyo inayopuuzwa. Ukiisha kupata idhini ya Mamlaka, peleka nakala kwa serikali ya mkoa, kwa meya wa mji, kwa mkuu wa komini utakayorushia, kwa polisi, kwa idara ya usalama, na kwa makao ya jeshi. Kila mmoja umwandikie barua fupi ya kumjulisha siku na saa, na kila nakala irudi na muhuri. Asubuhi ya kazi yenyewe nenda kwa mkuu wa mtaa, umsalimu, umwonyeshe chombo, na akipenda mwachie aje kutazama. Mkuu wa mtaa aliyesimama kando yako hunyamazisha maswali ambayo makaratasi hayawezi kuyanyamazisha. Wako watakaosema kwamba huku ni kujidhili mbele ya wakubwa wengi. Mimi naona ni bei ya haki kwa kutumia anga iliyo juu ya vichwa vya watu wengine.

Katika mzunguko huo wa ofisi utaombwa fedha, hapa na pale kwa haki na mara nyingine bila haki. Ada ya serikali ina hati yake ya kutozwa, hulipwa benki, na stakabadhi yake hubaki mkononi mwako. Lisilo na hati si ada. Sitajifanya kwamba kulisema jambo hili ni kulimaliza, lakini mwenye nakala zenye mihuri huombwa kidogo kuliko asiye nazo, na aliyekuja majuma mawili mapema huombwa kidogo kuliko aliyekuja jana yake huku maharusi wakingoja.

Sasa tuitazame ramani. Mgeni aliyeambiwa kwamba kiwanja cha Bangoka kiko kilomita 17 hivi mashariki ya mji hujiona yuko salama katikati ya Makiso, akisahau kwamba upande wa magharibi, mjini humo humo, kipo kiwanja cha zamani cha Simi-Simi kilicho mikononi mwa jeshi, na kwamba helikopta haziendi kwa njia moja wala hazihitaji uwanja mrefu. Jihadhari na jirani ya viwanja vyote viwili, na njia za kuingilia na kutokea kwake, hata kama kibali chako hakikuvitaja. Na siku ya kurusha mpe habari mtumishi wa RVA aongozaye ndege, ndiyo sababu nilisema yafaa kumjua. Mji huu unaijua thamani ya anga tulivu: tarehe 8 Julai 2011 ndege ya Hewa Bora, Boeing 727 iliyotoka Kinshasa, ilianguka ikitua Bangoka katika dhoruba, na watu zaidi ya 70 wakapoteza maisha. Rubani anayepambana na wingu la mvua la ikweta hapaswi kukutana na chombo cha plastiki mbele ya dirisha lake. Kambi ya Ketele na kambi nyinginezo, gereza, bandari, daraja na bwawa la umeme la mto Tshopo, majengo ya serikali: haya yote yahesabu kuwa yamefungwa mpaka upewe ruhusa inayoyataja kwa majina. Mara nyingi si kuruka kunakomtia mtu mashakani, bali picha. Kamera iliyoelekezwa Lubunga kwa nia njema ya kupiga machweo huweza kuwa imenasa pia, pembeni, ghala la silaha.

Maporomoko ya Wagenia yahitaji maneno yake peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayotamaniwa kuliko mahali pengine pote. Hapo ruhusa ya serikali haimalizi kazi, kwani mahali pana wenyewe. Kaa na wazee wa wavuvi, mkubaliane, na mkubaliane mbele ya mashahidi ili kesho asije mwingine kudai upya. Tazama kwa makini jinsi wanavyofanya kazi: magogo yaliyosimikwa katikati ya mawe, yamefungwa kwa mitambaazi, na vikapu vikubwa vyenye umbo la pembe vimening'inizwa katika maji yaendayo kasi, na mtu anatembea juu ya gogo lililolowa akivuta kamba kwa mikono miwili. Mtu huyo akigeuza kichwa kukitazama chombo chako, huenda asipate nafasi ya pili ya kuweka mguu. Kaa mbali naye kwa kimo na kwa upana, na umjulishe kabla hujawasha. Na kwa wale wanaopenda kurushia kutoka ndani ya pirogi, nawaongezea jambo ambalo kitabu cha kiwandani hulitaja kwa herufi ndogo: chombo kikipoteza mawasiliano hurudi mahali kilipoondokea, na mahali hapo, pirogi ikiisha kuchukuliwa na mkondo, ni maji matupu. Rushia kutoka nchi kavu, au ujifunze kwanza kubadilisha mahali pa kurudia.

Baada ya anga huja haki ya aliye ndani ya ua wake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda makazi ya mtu katika ibara ya 29 na faragha ya maisha yake katika ibara ya 31, na Sheria ya Dijitali, iliyotolewa kwa Amri-Sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imeweka kanuni juu ya habari za binafsi za watu, ambazo sura ya mtu ni mojawapo. Lakini hata kama ibara hizo zisingekuwapo, mwenye kuujua mji huu angejizuia. Katika nyua nyingi za komini za Tshopo na Kabondo bafu ni uzio wa mabati au wa makuti usio na paa, uliojengwa kumsitiri mtu na macho ya wapita njia. Hakuna aliyejenga akidhani kwamba jicho litatoka juu. Mwanamke anayeoga alfajiri akausikia mlio huo juu yake amedhulumiwa, iwapo ulibonyeza kitufe cha kupiga picha au hukubonyeza. Kwa hiyo usikate njia juu ya nyua ili kufupisha safari ya chombo. Fuata barabara, fuata mto. Na ukiajiriwa kupiga picha za watu waliokimbia mapigano, kama wale waliotoka Lubunga tangu ugomvi wa Wambole na Walengola ulipozuka mwaka 2023, usizitoe sura zao hadharani pasipo ridhaa yao, kwa sababu picha ya kambi yao yaweza kumfikia anayewatafuta.

Ajali nayo ina sheria yake, ambayo ni ya zamani kuliko ndege. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na wajibu, iliyotolewa wakati Tippu Tip alipokuwa liwali hapa hapa katika maporomoko kwa mkataba na mfalme wa Wabelgiji, ingali inatumika mahakamani, na ibara yake ya 258 yamlazimisha kila aliyemtia mwenzake hasara kwa taksiri yake aifidie, ilhali ibara ya 260 yamtwika mtu dhamana ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Droni iliyoanguka juu ya bati la jirani ni kitu kilicho chini ya ulinzi wako. Hutaweza kusema ni upepo. Wala tusidhani kwamba vyombo hivi huvunja mabati tu: mwezi Oktoba 2006 ndege ya upelelezi ya Wabelgiji, iliyoletwa na jeshi la Ulaya kulinda uchaguzi, ilianguka mjini Kinshasa na mwanamke mmoja akafa. Ile ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya kwako. Hata hivyo kilo moja iangukayo kutoka kimo cha mnazi mara nne haimchagui wa kumwangukia. Nenda kwa kampuni ya bima, uulize kama yakubali kubeba dhamana ya hasara kwa watu wengine, uipate kwa maandishi; tangu soko la bima lilipofunguliwa na Sheria ya Bima ya tarehe 17 Machi 2015 zipo kampuni zaidi ya moja za kuulizwa. Usiruke juu ya mkusanyiko wa watu. Kama bwana arusi ashikilia kutaka picha ya umati uliosimama mlangoni mwa kanisa, piga kutoka pembeni, kwa mshazari. Picha yenyewe hutoka nzuri zaidi.

Kazi za msituni nitazipitia upesi. Ndani ya mbuga na hifadhi, kama vile mbuga ya Lomami, idhini ya ICCN, taasisi ya serikali inayozisimamia, hutangulia. Juu ya machimbo ya dhahabu na almasi, jua kwanza ni nani mwenye haki ya eneo katika daftari la Cadastre Minier, kwani huenda aliyekuajiri ni mgombeaji wa ardhi hiyo na wewe ukawa shahidi katika kesi isiyokuhusu. Na ukivuka kuingia Ituri, kumbuka kwamba mkoa huo uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, hivyo barua ya gavana wa Tshopo haivuki mpaka pamoja nawe. Watafiti wa Yangambi na wa Chuo Kikuu cha Kisangani husahau mara kwa mara kwamba ruhusa ya utafiti si ruhusa ya kuruka.

Ndugu zetu wanaorudi kutoka Ubelgiji au Nairobi huja na vyeti vyao wakidhani vyatosha. Cheti cha Ulaya, ambako kanuni moja ya nchi zote zilizoungana ilianza kutumika mwisho wa mwaka 2020, au cha Kenya, iliyotunga kanuni zake mwaka huo huo, ni ushahidi mzuri kwamba mtu amejifunza, nacho kiambatishwe katika maombi. Lakini hakimpi mtu haki ya kuruka juu ya Kongo, na chombo chenyewe chaweza kuzuiliwa na forodha kikiingizwa pasipo idhini iliyotangulia. Lililo la kuigwa kwao ni adabu ya kazi: mita 120 kwenda juu, ndicho kimo kilichowekwa Ulaya na kinachokaribiana na futi 400 za Wamarekani, chombo kisipotee machoni pako, usiruke usiku, usiruke ukiwa umelewa. Kibali chako kikitaja kimo kidogo zaidi, hicho ndicho chenye nguvu. Na yupo asemaye kwamba sheria hizi zitaiua kazi kabla haijazaliwa. Mtu huyo na atazame mkoa wa Equateur, ambako tangu mwaka 2019 droni zilianza kujaribiwa kupeleka chanjo na dawa katika vijiji vilivyotengwa na mito, kwa ushirikiano na serikali yenyewe.

Ukisimamishwa kazini, tua kwanza, kabla hujasema neno. Mtu mwenye chombo hewani anayebishana na askari huonekana kama anayemchelewesha makusudi. Weka kiongozeo chini, toa salamu, toa nakala za barua, kamwe usitoe asili. Kama uliwaonyesha picha wakataka ufute moja, futa mbele yao. Wakichukua chombo, omba hati ya kukamatwa kwake yenye nambari ya kiwandani, jina na cheo. Usipoipata, andika mwenyewe papo hapo siku, saa na mahali, kisha uende siku hiyo hiyo kwa wakili, si kesho.

Limebaki jambo la mkataba na mteja. Andika wazi kwamba kazi itafanywa baada ya vibali kupatikana na si siku iliyotajwa tu. Kwamba mvua na upepo, ambavyo hapa ikweta havingoji ratiba, huahirisha kazi pasipo adhabu. Kwamba amri ya jeshi ya kufunga anga siku hiyo si taksiri yako. Na kwamba mahali panapobadilishwa na mteja baada ya maombi kupelekwa pana gharama mpya. Chukua malipo ya awali yasiyopungua gharama za maombi, nakala, bima na nauli, na uyahesabu kuwa hayarudi hata Mamlaka ikikataa. Mteja asiyeyakubali masharti hayo mwachie mwenziwe.